Waliokuja na Wasiokuja: Kisa cha Kliniki ya Presha katika Kituo cha Afya

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika kituo cha afya cha serikali, Tanzania Bara. Jina la kituo, jina la halmashauri, majina ya watu, tarehe na idadi kamili ya wagonjwa nimeviondoa, na vitu vichache visivyogusa maana nimevibadilisha. Niliingia nikiwa mmoja wa timu ya halmashauri inayofanya usimamizi shirikishi. Uamuzi wa kwanza ulioharibika, nitakaoueleza hapa chini, ndio niliousimamia mimi.

Kituo na kliniki yake

Kituo kilikuwa na mganga mfawidhi (mkuu wa kituo), matabibu wawili, wauguzi wasiotosha, mteknolojia mmoja wa maabara, mtoa dawa mmoja na karani wa mapokezi. Vijijini kulikuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waliokuwa wakitumika zaidi kwenye chanjo na kwa wajawazito. Kliniki ya presha na kisukari ilifanyika Ijumaa. Mgonjwa alipita mikono minne au mitano kabla ya kurudi nyumbani: karani amtafutie faili, muuguzi ampime, tabibu amwone, maabara ikihitajika, kisha dirisha la dawa.

Kwa hesabu zilizokuwa zikipelekwa juu, kliniki ilikwenda vizuri. Rejista za MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma, zilijazwa, jumla za mwezi ziliingizwa kwa wakati kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na mahudhurio ya marudio yalikuwa yakipanda. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na grafu ya mahudhurio hayo, imechorwa kwa rula na kalamu za rangi. Mfawidhi alipenda kuwaonyesha wageni, na kila nilipofika nilimpongeza.

Kadi ya bibi mmoja

Asubuhi moja kijana alimleta bibi yake kwa bajaji. Upande wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayatoki. Wakati anaandaliwa rufaa, muuguzi alifungua mfuko wa plastiki ambao kijana alikuwa ameushika muda wote, akatoa kadi ya kliniki iliyotunzwa vizuri kama cheti cha shule. Bibi alikuwa amehudhuria mara saba bila kukosa miadi hata moja. Mara zote saba namba ya juu ya presha ilikuwa imezidi 160. Mara zote saba iliandikwa "aendelee na dawa": dawa ileile, dozi ileile ya siku ya kwanza.

Kesho yake mfawidhi aliiweka kadi ile mezani kwenye ripoti ya asubuhi, akaomba kila mmoja aseme ni wapi alikosea. Kimya kilikuwa kirefu, na sidhani kama kilikuwa cha kuficha. Karani alitoa faili. Muuguzi alipima akaandika. Tabibu alimwona. Mtoa dawa alitoa kilichoandikwa. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake, na bibi hakuwa ametibiwa. Kwenye grafu ya ukutani alikuwa amehesabiwa mara saba kama mafanikio.

Kipimo cha kwanza

Tulikubaliana kwamba mahudhurio hayatoshi. Tungehesabu ni wagonjwa wangapi presha yao iko chini ya 140/90. Mpaka hapo tulikuwa sawa. Nikapendekeza hesabu hiyo ifanywe kwa jina la tabibu: kila mwisho wa mwezi, asilimia ya aliowaona ambao presha imetulia, ibandikwe ukutani mahali pa ile grafu.

Nilikuwa na sababu mbili. Tabibu ndiye anayeandika dawa, kwa hiyo niliona yeye ndiye wa kuulizwa. Ya pili ilikuwa mazoea. Mtumishi wa umma wa Tanzania amezoea kupimwa peke yake, kwanza kwa fomu za tathmini za OPRAS na tangu 2023 kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Taasisi nayo ina kipimo chake, PIPMIS. Katikati ya hivyo viwili, watu watano wanaomhudumia mgonjwa mmoja asubuhi moja hawana fomu inayowaona kama kundi. Mimi sikufikiri kupita fomu nilizozijua.

Kwa miezi mitatu namba zilipanda haraka. Tulifurahi. Kisha siku moja, nikinakili vipimo kutoka kwenye mafaili, nikaanza kukutana na 138/88. Halafu 136/88, 138/86, na 138/88 tena. Zamani vipimo vya kituo hicho viliishia na sifuri, 160/100, 150/90, kwa sababu watu walikadiria. Sasa vilikuwa vimejazana hatua moja kabla ya mpaka. Nilimuuliza muuguzi naye akaeleza bila kuzunguka: tabibu akiona 150 humrudisha mgonjwa apimwe tena, na tena, mpaka ipatikane inayofaa.

Kurudia kipimo si kosa. Kupima presha kunavyofundishwa, kipimo kimoja hakitoshi. Kosa lilikuwa kumrudia mwenye presha ya juu tu, na kuacha pale jibu linapopendeza.

Jambo la pili lilikwenda kimyakimya. Wagonjwa wagumu, wenye figo zilizochoka au dawa tatu tayari, walianza kujikuta wanaelekezwa chumba cha pili. Huko alikaa tabibu kijana aliyehamia karibuni, na jina lake likawa chini kila mwezi. Aliacha kuzungumza vikaoni. Nilidhani ana aibu ya namba zake. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anatafuta uhamisho.

La tatu lilisemwa na muuguzi wa vipimo, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu. "Dokta, mnawahesabu waliokuja. Waliokata tamaa wakabaki nyumbani, karatasi yenu haiwajui." Alikuwa sahihi kihesabu kabisa. Asiyekuja hakuwa juu ya mstari wa sehemu wala chini yake, si kwenye kiasi wala kwenye asili. Kila mgonjwa mwenye hali mbaya alipopotea, asilimia yetu ilipanda.

Kutembea na mgonjwa

Tuliiondoa karatasi ukutani. Kabla ya kuchagua kipimo kingine mfawidhi alitaka jambo moja lifanyike, na naliona ndilo lililookoa kazi yote: kwa Ijumaa mbili, mtumishi mmoja amshike mgonjwa mmoja getini na kutembea naye hadi anatoka, akiandika anachokiona. Karani alitembea. Mtoa dawa alitembea. Mimi pia.

Bwana niliyemfuata alifika saa moja kasoro kwa bodaboda, akapanda ngazi, akapimwa pale pale akiwa bado anahema, mkono umelala pajani, huku muuguzi akimuuliza habari za mkewe. Namba ikatoka juu. Kipimo cha kuaminika kinataka mtu apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono ukiwa usawa wa moyo, na asizungumze. Kituo kilikuwa na mkanda mmoja wa presha wa saizi ya kawaida, nao ukifungwa kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo baadhi ya namba tulizokuwa tukizigombania zilikuwa na kasoro hata kabla hazijaandikwa.

Kwa tabibu alikaa kwa muda mfupi. Presha 170, "aendelee na dawa". Safari hii nilimuuliza tabibu hapo hapo, mbele ya mgonjwa, kwa nini asiongeze. Akamgeukia yule bwana: "Mzee, mara ya mwisho dawa ulizipata wapi?" Mzee akasema dirishani aliambiwa zimeisha, alinunua dukani dawa za siku kumi, kisha akakaa bila dawa mpaka leo. Tabibu akaniambia: "Nikimwongezea dozi ya dawa asiyoipata, nitakuwa nimemtibu nini?"

Nilikuwa nimelisoma lile neno "aendelee na dawa" kama uvivu, na kwa kadi ya bibi pengine sehemu yake ilikuwa uzembe kweli. Lakini kwa wengi lilikuwa jibu la mtu anayejua kwamba dirisha la mwisho limefungwa. Hakuna mahali pa kuandika hilo, kwa hiyo hakuna aliyelijua ila yeye na mgonjwa.

Dirishani mtoa dawa alinifungulia vitabu vyake. Amlodipini, dawa ya presha, iliisha kila wiki ya pili au ya tatu ya mwezi. Maombi ya kwenda Bohari ya Dawa ya serikali aliyajaza kwa kuangalia alichotoa kipindi kilichopita, na alichotoa kilikuwa kidogo kwa sababu dawa ilikuwa imeisha. Upungufu wa mwezi mmoja uliomba upungufu wa mwezi uliofuata. Fomu ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, iliyowekwa ili kusahihisha jambo hilohilo. Ilikuwa ikijazwa sifuri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa miaka yote aliyokaa pale, hakuna namba ya kliniki ya presha iliyowahi kumhusu.

Daftari la watu wote

Kipimo cha pili tulikijenga mezani pamoja, karani na mtoa dawa wakiwemo. Msingi wake tuliuchukua kwenye HEARTS, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya moyo na mishipa, uliotolewa mwaka 2016, ambao herufi yake ya T ni huduma ya timu na S ni mifumo ya ufuatiliaji. Ndani yake mgonjwa aliyesajiliwa anabaki kwenye asili hata asipokuja, na asipokuja anahesabiwa kama ambaye presha yake haijadhibitiwa.

Karani alinunua kaunta buku kubwa. Kila mgonjwa wa presha alipewa mstari mmoja, na kila robo mwaka mstari huo ulipata alama moja kati ya tatu: alikuja na presha iko chini ya 140/90, alikuja na iko juu, hakuja. Waliosajiliwa chini ya miezi mitatu waliachwa kwanza, kwa kuwa dawa haijapata muda. Ukiwatoa hao wapya, mafungu yote matatu lazima yajumlishwe yafike idadi ya watu wote daftarini. Pakipungua mmoja, anatafutwa. Hakuna jina la mtumishi popote.

Kuandika robo ya kwanza kulichukua jioni nne. Waliodhibitiwa walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Takriban nusu hawakuwa wamekuja. Wiki chache nyuma ukuta uleule ulikuwa umesema kwamba zaidi ya nusu wako salama.

Chini ya namba hizo tatu tuliweka mbili ndogo za kazi, kila moja ikiwa na mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa siku ambazo amlodipini haikuwepo dirishani, na mwenyewe ni mtoa dawa. Ya pili: kati ya waliokutwa na presha ya juu, wangapi tiba yao ilibadilishwa au sababu ya kutoibadilisha imeandikwa. Hii ilikuwa ya matabibu wote wawili kwa pamoja. Muuguzi alianza kubandika kipande cha plasta nyekundu kwenye kadi ya mwenye presha ya juu baada ya vipimo viwili, na kadi yenye plasta haikuruhusiwa kupita dirisha la dawa bila neno la tabibu. Mtoa dawa aliruhusiwa kuirudisha, ingawa ilimchukua majuma kadhaa kuthubutu.

Kulizuka ubishi kuhusu nani afutwe daftarini. Mmoja alitaka kila asiyeonekana mwaka mzima atolewe, maana "anatuharibia namba". Mfawidhi alikataa: anatoka aliyekufa, au aliyehamia kliniki nyingine inayojulikana, na anayemfuta aandike alivyojua. Ningeweka kanuni hiyo ukurasa wa kwanza wa kila rejista ya ugonjwa sugu nchini.

Kwa wasiokuja tuliiga wenzetu wa CTC, kliniki ya VVU, waliokuwa jengo la jirani. Kliniki ya VVU ina uzoefu wa miaka mingi wa kumfuatilia aliyekosa miadi na kumpa mteja aliye imara dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kliniki ya presha ilikuwa mita thelathini kutoka pale na haikuwahi kuuliza. Wahudumu wa jamii walipewa majina ya vijiji vyao. Walirudi na habari ambazo hakuna rejista ingezitoa: wengine walikuwa shambani msimu mzima, wengine walisema wamepona kwa sababu kichwa hakiumi tena, wengine walichoshwa na nauli ya kufuata dawa isiyokuwepo. Wachache walikuwa wameshazikwa.

Namba zilipozidi kuwa mbaya

Robo ya pili fungu la presha ya juu lilikua. Mfawidhi alinipigia simu usiku. Halmashauri nako kuliulizwa kulikoni, kazi yote hii na wagonjwa wanazidi kuharibika.

Jibu lilikuwa kwenye daftari lenyewe. Fungu la wasiokuja lilikuwa limepungua sana, na waliorudi walirudi baada ya miezi bila dawa. Walitoka fungu la tatu wakaingia la pili. Kwa mtu anayeangalia asilimia moja tu, ya waliodhibitiwa kati ya waliokuja, kituo kilikuwa kinashuka. Kwa anayeangalia mafungu matatu, kilikuwa kinakusanya watu wake. Tulibaki na msimamo, na nashukuru kwamba Mganga Mkuu wa Halmashauri alikubali kusubiri robo moja zaidi. Wakati huo kamati ya usimamizi wa kituo iliidhinisha sehemu ya fedha za kituo inunue dawa za presha kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, kwa vile Bohari ilithibitisha haina. Fedha zikiingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kama ilivyo tangu mwaka wa fedha 2017/18, uamuzi huo huweza kufanyika ndani ya mwezi. Wajumbe wa kamati hawakuvutwa na asilimia. Walivutwa na karatasi ya mtoa dawa yenye siku kumi na tisa zilizowekwa alama nyekundu katika mwezi mmoja.

Tulipofika

Baada ya mwaka na zaidi kidogo, waliodhibitiwa walikuwa karibu wawili kati ya watano wa daftari lote. Siku zisizo na dawa zilipungua zikawa chache, ingawa hazikwisha. Tiba kubadilishwa kwa mwenye presha ya juu likawa jambo la kawaida pale lilipokuwa nadra. Tabibu kijana alibaki.

Tabibu mwingine alihamishwa katikati ya mwaka, na kwa robo nzima daftari lilisimama, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa amelijaza siku zote na hakuna aliyejua alama zake. Liliendelea pale karani alipolichukua, likawa linajazwa Ijumaa hiyohiyo kabla ya kufunga geti.

Uchambuzi

Kipimo cha kwanza na cha pili vilitumia mpaka uleule wa 140/90, mashine ileile na wagonjwa walewale. Tofauti ilikuwa nani anahesabiwa chini ya mstari, na jina la nani limeandikwa juu yake. Kipimo chenye jina la mtu mmoja kilimpa sababu ya kumkwepa mgonjwa mgumu, ilhali kazi iliyomfikisha mgonjwa huyo kwenye presha nzuri ilikuwa ya watu watano. Sisemi tabibu asiwajibike binafsi. Uzembe wa mtu unashughulikiwa chumbani, kwa faili mkononi, na mfawidhi alifanya hivyo mara mbili mwaka ule. Ukutani si mahali pake.

Kingine kilichofanya kazi ni namba ndogo ya dirisha la dawa. Asilimia ya waliodhibitiwa husema kuna tatizo, haisemi liko wapi, tena hubadilika polepole mno kumwongoza mtu wa Ijumaa hadi Ijumaa. Siku zisizo na dawa mtoa dawa aliziona kila asubuhi na aliweza kuzifanyia kitu. Bila matembezi yale ya getini hadi getini tusingeijua namba hiyo. Tungetengeneza mafunzo ya matabibu kuhusu dozi, watu wangesaini mahudhurio, na dirisha lingebaki tupu.

Zoezi la plasta nyekundu nalihesabu kuwa nusu ya mafanikio. Lilisaidia, lakini miezi ya mwisho sababu zilizoandikwa zilianza kufanana neno kwa neno, dalili kwamba zinaandikwa ili kadi ipite.

Kilichonisumbua zaidi ni kliniki ya watoto. Vipimo viwili kwa kila mgonjwa na mapumziko ya dakika tano vilihitaji muuguzi wa pili, naye alitolewa huko. Foleni ya kina mama wenye watoto ikarefuka kila Ijumaa, na wengine waliondoka bila mtoto kupimwa uzito. Hatukuwa na namba ya foleni hiyo, kwa hiyo haikusomwa kikaoni hata mara moja. Tuliisikia kwa mama mmoja aliyelalamika getini. Kisukari nacho, kilichomo katika kliniki hiyohiyo, hatukukigusa.

Bibi wa kadi ile yumo daftarini, mstari wake uko ukurasa wa pili. Anatembea kwa fimbo, na presha yake imekuwa chini ya 140/90 kwa robo tatu mfululizo. Mjukuu ndiye anayefuata dawa, za miezi mitatu kwa safari moja. Suala la foleni ya watoto limewekwa kwenye ajenda ya kikao cha robo ijayo, na mama muuguzi ameomba aliwasilishe yeye.